Sindano za Bi Upawa

Bi Upawa alipomwambia binti yake kwenye simu kwamba Chumvi anamsalimu, kwamba alipita jana alasiri wakanywa chai pamoja, binti alimwomba arudie, kana kwamba laini ni mbaya. Kisha binti akauliza taratibu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa, ni Chumvi yupi huyo. Bi Upawa akacheka. Kwani anawajua Chumvi wangapi?

Chumvi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Bi Upawa mwenyewe alikuwa mazishini, mstari wa mbele kabisa, na alilia mpaka sauti ikamkauka. Binti alikuwa amesimama pembeni yake akimshika kiwiko.

Binti ni mhasibu wa kiwanda cha sabuni, anaishi na mumewe na watoto katika jiji la mbali, safari ya nusu siku. Si mtu wa kuomba ruhusa kazini ovyo. Safari hii aliomba, na Ijumaa akawa mlangoni kwa mama yake na begi dogo begani. Kilichompokea ni harufu ya chuma kilichoungua. Birika lilikuwa jikoni juu ya moto, halina tone la maji, limegeuka jeusi mpaka kwenye mkono wake, na Bi Upawa alikuwa sebuleni amekaa ametulia, mguu mmoja una ndala na mwingine uko wazi.

"Ndala nyingine iko wapi, mama?"

"Si hii hapa," akasema Bi Upawa, akatazama mguu, akaona hakuna kitu. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba ndala ilimtoka mguuni barabarani alipotoka dukani, akatembea hadi nyumbani kwenye changarawe bila kuhisi chochote. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi siku nyingi. Hakumwambia mtu, maana nani ampigie mwanawe simu kumweleza habari za nyayo?

Binti alizima moto, akafungua madirisha, kisha akafungua kabati. Alikuta majani ya chai, vipande vya mkate vilivyokauka na chupa ya vidonge vya kisukari. Chini, kwenye rafu ya mwisho, zilipangana sufuria kubwa za shughuli, moja ndani ya nyingine, na buibui amejenga juu yake.

Akauliza mama anakula nini. Bi Upawa akajibu kwa kiburi kidogo kwamba anakula vizuri. Yeye ni mpishi. Amelisha shule nzima tangu ujana wake, leo atashindwa kujilisha mwenyewe?

Na hakuwa akidanganya. Aliamini hivyo kabisa, na ili kuelewa kwa nini, inabidi kulijua jiko lile.

Yeye na Chumvi walipika katika shule ya bweni mpaka walipostaafu. Majina hayo walipewa na wanafunzi, yakawaganda hata mwalimu mkuu akawa anayatumia kwenye vikao. Mmoja alishika upawa, mwingine alishika kopo la chumvi, na kati yao palikuwa na sheria moja: anayetia chumvi haonji. Chumvi alisema ulimi wa aliyetia unajipendelea. Basi yeye alitia, mwenzake akachota, akapuliza, akaonja, akasema "bado" au "ishia hapo". Halafu wakabishana. Hakuna sufuria iliyopakuliwa pale bila ubishi. Chumvi alikuwa mwanamke ambaye ukimwambia jua limetoka anachungulia dirishani kwanza.

Katika kazi ya namna hiyo mpishi hakai na sahani. Anaonja mchuzi asubuhi, anamega nyama kuona kama imelainika, anakwangua ukoko, na wanafunzi wakishamaliza kula, naye tumbo limejaa bila kukumbuka alikula saa ngapi. Bi Upawa alilea mtoto wake peke yake baada ya mumewe kufa, na hata nyumbani alikuwa akimpakulia binti, yeye akila amesimama, kutoka kwenye upawa. Walipostaafu, yeye na Chumvi walikodiwa kupikia shughuli za watu, na kuonja kukaendelea. Chumvi alipoondoka, sufuria zikaondoka motoni. Kupika kikombe kimoja cha wali kulionekana kwake mchezo wa watoto. Mikono yake haikujua hata pa kuanzia. Akabaki na chai na mkate, na kwa kuwa mkate humegwa na chai hunywewa umesimama, hakuona tofauti yoyote.

"Nakuchukua," alisema binti jioni ile. "Mjukuu wako mkubwa atahama chumba chake, wewe utalala humo. Nyumba hii tutapangisha."

Bi Upawa akamwambia kwamba nyumba ile aliijenga kwa mikono iliyobabuka mvuke, na kwamba hatoki humo kwenda kukaa chumba cha mtu kama mzigo uliosahaulika stendi. Binti akamwambia kwamba mtu anayekaribisha wafu chai hawezi kuachwa na moto. Hapo ndipo alipomwambia waziwazi kuhusu Chumvi. Bi Upawa akalia kana kwamba habari imefika siku hiyo hiyo. Na kesho yake asubuhi, akiwa anafunga kitambaa kichwani, akasema wasikawie sana huko kwa daktari, Chumvi akija asikute mlango umefungwa.

Binti akageukia ukutani. Alikuwa mtu mkavu kwa machozi, lakini alibaki ameugeukia ukuta huo kwa muda.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka na maneno machache. Akampa Bi Upawa maneno matatu ayashike kichwani: kiti, mvua, kitambaa. Akamwuliza leo siku gani, akamwambia achore uso wa saa. Saa ya Bi Upawa ilikuwa na namba zote upande mmoja, kama watu wanaogombea kivuli. Katika yale maneno matatu alilikumbuka moja, kitambaa, na huenda ni kwa sababu alikuwa amekivaa.

Kisha daktari akapita kwenye nyayo na kipande cha pamba, akamwambia afumbe macho na aseme anapoguswa. Bi Upawa akasubiri aanze. Daktari alikuwa ameshamaliza.

"Mama, mara ya mwisho umekaa chini ukamaliza sahani yako, ilikuwa lini?"

Alifikiri kwa bidii. Alikumbuka sahani nyingi. Zote zilikuwa za watu wengine.

Walichukua damu. Majibu yalipotoka, daktari aliwaweka wote wawili mbele ya meza akawaeleza. Vitamini B12 ya mama ilikuwa imeshuka mno, na ile nyingine ya kundi hilo hilo inayopatikana kwenye mboga za majani nayo ilikuwa chini. B12 inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na mwili huweka akiba yake kwa miaka, ndiyo maana mtu anaweza kuishiwa nayo polepole bila kushtuka. Tumbo la mtu mzima halifyonzi kama la kijana. Vidonge vya kisukari alivyomeza miaka yote hiyo, ambavyo alivihitaji na bado anavihitaji, navyo huzidisha upungufu huo. Juu ya hayo, chai na mkate. Damu inaharibika, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi, na kichwa kinaingia ukungu.

Binti akauliza kama akichomwa sindano kichwa kitarudi.

"Siwezi kuahidi," alisema daktari. "Usahaulifu wa wazee una sababu nyingi, na nyingine hazina sindano. Wake una sababu hii ninayoiona. Inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Mpeni miezi mitatu, halafu mje nimpime upya."

Basi makubaliano yakawa hayo. Miezi mitatu. Kichwa kikirudi, Bi Upawa atabaki kwenye nyumba yake. Kisiporudi, atafunga mizigo bila ubishi. Binti aliondoa mtungi wa gesi, akampa birika la umeme linalojizima lenyewe, akapatana na jirani yao, msusi mwenye saluni mbele ya nyumba, amletee chakula cha mchana na asitoke mpaka aone sahani imeisha. Kisha akarudi kwenye sabuni zake.

Muuguzi wa sindano alikuwa mwanamume mnene mwenye mikono myepesi, na siku ya kwanza tu alimtambua. Alikuwa amesoma shule ile.

"Bi Upawa," akasema akivuta dawa kwenye bomba, "ulikuwa unaninyima ukoko. Mwaka mzima, mimi nanyoosha sahani, wewe unampa yule mwenye meno yaliyopishana."

"Yule alikuwa hana mama."

"Na mimi nilikuwa na njaa. Leo nalipa kisasi. Kushoto au kulia?"

Mwanzoni alichomwa mara kwa mara, kisha kila wiki. Msusi naye alikuja na sahani kila mchana, akakaa mbele yake mikono kifuani kama askari wa zamu, akisimulia vichwa vya wateja wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumeza vitamini alizonunua dukani, eti akumbuke anapoacha vitana, mpaka muuguzi akamwambia kwamba kama damu yake inazo za kutosha basi analisha choo tu. Msusi alinuna siku mbili. Lakini alipoondoka na sahani tupu alikuwa na saluni ya kukimbilia, na nyumba ikawa kimya tena mpaka alasiri, saa ya Chumvi.

Chumvi alikuja, wiki za mwanzo. Bi Upawa alimimina vikombe viwili, akakaa, na mwenzake alikuwa pale upande wa dirisha. Hakumwona kwa macho hasa. Alijua tu kwamba yupo, kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili. Akamweleza habari za muuguzi na ukoko, na Chumvi akaafiki kwamba yule mwenye meno yaliyopishana alistahili.

Miguu ilianza kuwasha. Usiku aliikuna, asubuhi akakanyaga sakafu na kushtuka kwamba ni baridi. Akakumbuka jina la barabara ya sokoni. Akakumbuka kwamba mjukuu mdogo ni wa kike, jambo ambalo hakuwa amejua kwamba amelisahau. Binti alipopiga simu akamwuliza kuhusu hesabu za mwisho wa mwaka kiwandani, na upande wa pili binti akashusha pumzi ndefu iliyosikika.

Halafu ikafika alasiri moja. Bi Upawa alimimina vikombe viwili, akavibeba kwenye sinia hadi sebuleni, akainama kuweka cha pili upande wa dirisha, na akiwa bado ameinama akajua. Hakuna aliyemwambia. Hakikutokea kitu. Alijua tu, kama anavyojua jina lake, kwamba Chumvi amekufa, kwamba alikufa mwaka uliopita kwa presha, kwamba walimzika siku ya mvua na udongo uliwaganda viatuni. Kiti kilikuwa kiti. Alibaki ameinama mpaka mgongo ukamuuma, ndipo akakaa, akanywa chai yake, akanywa na ile ya pili.

Hakulia siku hiyo. Alishalia mara ngapi hata hajui, kila mara kama mpya, na kila mara usingizi ukamfutia. Kilichokuwa kigeni sasa ni kwamba aliamka kesho yake na jambo lile lilikuwa bado lipo. Na keshokutwa. Chai ya alasiri akawa anamimina kikombe kimoja, na kikombe kimoja huisha upesi.

Wiki ile hakwenda kuchoma sindano.

Muuguzi alisubiri, akapiga simu. Akamwuliza kwa utani kama amesahau.

"Sijasahau," alisema Bi Upawa. "Nimekaa tu."

Muuguzi akamwambia kesho basi. Kesho yake pia hakwenda. Alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe. Dawa ndiyo iliyomfukuza mgeni. Akiacha dawa, pengine mgeni atarudi. Hakuna atakayemlaumu, maana mzee kusahau ni jambo la kila siku. Wangemhurumia, wangemchukua, na hata kwenye chumba cha mjukuu angekuwa na wa kunywa naye chai. Aliipima fikra hiyo kwa utulivu, kama alivyopima mchele. Aliona si fikra ya kijinga hata kidogo. Nyumba ina vyumba vitatu na yeye anapumua katika kimoja. Mtu hujipatia mwenzake anapoweza.

Alasiri ilipofika alikaa upande wake, akatazama upande wa dirisha, akajaribu. Alijaribu kwa nguvu zote. Akamwambia Chumvi kwa sauti kwamba msusi anapika vizuri, ila mboga zake zina chumvi kidogo mno. Kisha akasikiliza.

Hapo ndipo kitu kikamkaa vibaya. Alirudi nyuma kichwani, na kichwa sasa kilimruhusu kurudi nyuma, akazipitia zile alasiri zote. Alisema muuguzi ana maneno mengi, Chumvi akakubali. Alisema mvua itachelewa, Chumvi akakubali. Alisema ukoko ulikuwa haki ya yule mtoto, Chumvi akakubali. Chumvi! Mwanamke aliyegombana naye muhula mzima juu ya ukoko ule ule, akisema unapendelea, wape wote au tupa. Chumvi ambaye hakuwahi kukubali neno lake lolote mpaka alizungushe mara tatu. Yule wa upande wa dirisha hakuwa amebisha hata siku moja. Hakuwa na neno ambalo Bi Upawa hakumpa.

Basi hakuwa Chumvi. Alikuwa Bi Upawa mwenyewe, amekaa viti viwili.

Na kama alimtaka yule wa kweli, mwenye ulimi, mwenye kopo lake kwapani, basi alikuwa amebaki mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu zilihitaji sindano. Akavaa viatu, akafunga mlango na kwenda. Muuguzi alikuwa anafunga dirisha la mapokezi. Alimtazama usoni, na safari hii hakuuliza kushoto au kulia.

Miezi mitatu ilipotimia binti alikuja, na asubuhi wakaenda pamoja kwa daktari. Bi Upawa alitaja siku, mwezi na mwaka. Alichora saa, namba zikakaa kila moja mahali pake. Alirudisha maneno yote matatu, na yalikuwa mapya. Aliguswa nyayo akasema ndiyo, ndiyo, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho daktari alisema huenda kisirudi. Damu yake ilikuwa nzuri. Sindano ataendelea nazo maisha yake yote, lakini kwa nafasi ndefu, na chakula kiwe chakula. Daktari akamgeukia binti akasema kwa maoni yake hakuna sababu ya kumhamisha.

Walitoka nje wakakaa kwenye benchi kusubiri gari la mfanyakazi mwenzake binti, aliyekuwa na safari upande huo na atakayewapitia. Binti alikuwa mwepesi wa uso, amepungua miaka. Akasema mtungi wa gesi utarudishwa leo leo. Akasema, mama, umetushinda, umebaki na nyumba yako.

Bi Upawa akatikisa kichwa kukubali. Alitazama watu waliokuwa wakiingia na kutoka, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Alikuwa amesubiri kitu katika maneno ya binti, akaona hakimo. Hakuwa mtu wa kuzunguka jambo, kwa hiyo akalisema.

"Nilidhani utanisihi kidogo."

"Kukusihi nini?"

"Niende nanyi. Ningekataa kwanza. Halafu sijui."

Binti alikuwa na tabia ya mama yake ya kutojua kudanganya, na sasa ilimgharimu. Akaeleza, akitazama viganja vyake, kwamba simu zilipokuwa nzuri mwezi uliopita, walikaa na mumewe wakaona hali imetengemaa. Kile chumba walikuwa wamemrudishia mjukuu mkubwa. Anajiandaa na mitihani. Ameshabandika picha zake ukutani. Kama mama anataka, wataangalia tena, haitakosekana njia.

"Umefanya vyema," alisema Bi Upawa. "Mtoto anahitaji mahali pa kusoma."

"Umeudhika."

"Sijaudhika. Nina akili zangu timamu, basi. Ulitaka zirudi, zimerudi, na hivi ndivyo zinavyofanya kazi."

Binti akamshika mkono. Wakakaa hivyo mpaka gari lilipopiga honi. Bi Upawa alishushwa mbele ya saluni. Binti alishuka naye, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia atakuja sikukuu, akamwambia asiache kula, akarudi garini. Msusi alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa, akampungia kitana.

Giza lilipokuwa linaingia simu ililia. Wamefika salama. Binti aliuliza kama gesi imeletwa, na Bi Upawa akasema imeletwa. Kisha binti akamwambia asubiri kidogo, akaiweka simu mahali, pengine mezani, kwenda kuamua ugomvi wa watoto. Bi Upawa akasubiri. Alisikia kijiko kikianguka. Alisikia mjukuu mdogo akilalamika kwamba chumba kile kilikuwa cha bibi, kaka amekirudiaje, na mkubwa akimjibu kwamba bibi amepona. Mlango ukabamizwa, mtu akacheka, maji yakafunguliwa. Binti alikuwa amesahau simu. Bi Upawa hakuita. Alikaa upande wake wa meza, simu sikioni, akawasikiliza wakila.